CD ya Tatu

Jumatatu ile marehemu alizungumza mara nne.

Mara ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi, kama kawaida yake, Mama Kopi alipobonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta. Mashine ikanguruma, kioo kikawaka, na kabla hajavuta kiti sauti ya mumewe ikatoka kwenye spika mbili ndogo zilizofungwa kwa selotepu: "Haya jamani, kazi za watu hizo!" Aliirekodi mwenyewe siku moja akifanya utani, akaiweka mahali pa ule mlio unaolia kompyuta ikiwaka. Miezi minane ilikuwa imepita tangu azikwe, na bado yeye ndiye aliyekuwa anafungua duka.

Mara ya pili ilikuwa saa nne, Mama Kopi akiwa katikati ya kumchapia kinyozi wa jirani tangazo la bei. Kioo kikawa cheusi ghafla. Mashine ikajizima, ikakaa kimya kidogo, ikajiwasha yenyewe.

"Haya jamani, kazi za watu hizo!"

Kinyozi akageuka kutazama mlangoni. "Nani huyo?"

"Ni mashine."

"Mbona kama Fundi?"

"Nimesema ni mashine, baba. Ngoja nikuanzie upya."

"La, la, usijisumbue. Nitapita kesho." Akaondoka kwa hatua za mtu anayejizuia asikimbie. Kesho hakupita, wala kesho kutwa. Tangazo lake aliliandika kwa mkono, kwa kalamu nene, akalibandika.

Mara ya tatu walikuwa wanakula. Duka lenyewe lilikuwa sebule ya nyumba: meza moja yenye kompyuta, printa na mashine ya fotokopi, kisha pazia, na nyuma ya pazia vyumba viwili. Walikuwa wawili tu humo, Mama Kopi na mama mkwe wake. Sauti ilipotoka, Mama Kopi alishika tonge hewani. Mama mkwe yeye alitabasamu, akajifuta mdomo.

"Leo ana maneno mwanangu," alisema bibi kizee.

Mara ya nne ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mama Kopi alikwisha zima, alikwisha funga dirisha, mkono uko kwenye komeo la mlango, akasikia mngurumo nyuma yake. Safari hii hakungoja marehemu amalize. Alirukia soketi akachomoa waya, na sauti ikakatikia kwenye "kazi za." Akasimama pale na waya mkononi. Nyuma ya pazia mama mkwe akauliza kwa upole, "Mbona umemkatisha?"

Usiambiwe na mtu kwamba yalikuwa mashetani. Vilikuwa virusi, vya kwenye kompyuta, vilivyobebwa na flashi za wateja mpaka mashine ikawa haijijui wala haijitambui. Lakini mke wa marehemu hata akiambiwa ni virusi, nywele husimama vilevile.

*

Kesho yake alikwenda chuoni na kazi aliyokwisha kamilisha. Chuo ndicho kilichokuwa kinawaweka mjini: mitihani, fomu, vitabu vya mahudhurio. Kodi ya nyumba ilitoka huko, na dawa za presha za mama mkwe zilitoka huko. Wateja wengine wa barua mojamoja walikuwa wa kununulia chumvi tu.

Karani wa manunuzi hakumkaribisha kiti. Alifungua droo, akatoa flashi ya Mama Kopi ya wiki iliyopita, ameishika kwa vidole viwili na ameifunga kwenye karatasi.

"Mama, hiki kidude chako kimetuulia mashine tatu."

"Baba, mimi—"

"Tatu. Ya mhasibu, ya mkuu, na hii yangu. Unaleta mtihani au unaleta ugonjwa?"

Kwenye benchi la kusubiria watu wakacheka. Mmoja akasogeza mkoba wake. Mama Kopi alisimama akitazama kiatu chake, kiatu kilichoshonwa ubavuni kwa uzi usiolingana, akatamani ardhi ipasuke.

"Nakuheshimu kwa ajili ya marehemu," karani akaendelea, akishusha sauti kidogo. "Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana. Uje na kazi hii kwenye flashi mpya, kurasa zote mia na kumi na mbili, kutoka kwenye mashine safi. Nitaipima hapa mbele yako. Ikiwa chafu, tusilaumiane. Kuna vijana hapo ng'ambo ya barabara wamefungua ofisi, kila siku wananipigia simu."

"Nitakuja, baba."

"Ijumaa, saa sita. Saa sita na robo mimi sipo."

*

Rafiki wa marehemu aliyebaki kuwa na msaada alikuwa mwenye intaneti ya kona, mtu mnene mwenye roho nzuri ambaye mtaa mzima ulimwita Megabaiti. Alikuwa hali, anatafuna. Wala hasemi tu, anatafuna huku anasema.

"Shemeji, hiyo mashine ni ya kufuta yote na kuanza upya," alimwambia akimenya karanga. "Na ukitaka mfumo ule ule wa zamani, wa halali, wenye leseni, andaa kodi ya miezi minne."

"Ningekuwa na kodi ya miezi minne ningekuwa hapa?"

"Ndiyo nakupa dawa. Linux. Ni mfumo wa bure, hauombi leseni, na virusi vya mtaani kwetu haviujui hata kwa sura; hata kurasa za chuo zilizo kwenye flashi yako chafu utazifungua humo salama. Tatizo mashine yenu ni kongwe, haikubali kuwashwa kwa flashi, inataka CD. Tena CD tatu. Mimi napakua picha zake, siyo picha za kutazama, ni CD nzima imelazwa ndani ya faili. Nikishapakua nazichoma, yaani naziandika, kwenye CD tupu, wewe unakwenda kuziingiza moja baada ya nyingine. Kwisha."

"Na nitajuaje kama zimefika nzima? Mtandao wako huu unakatika kila baada ya kupiga chafya."

Megabaiti akacheka, karanga zikamruka. "Kuna alama. Kila faili lina alama yake, herufi na tarakimu thelathini na mbili. Waliolitengeneza wameziandika kwenye tovuti yao. Nikipakua, kompyuta yangu nayo inalipima faili na kutoa alama yake. Zikilingana, umepata mzigo mzima. Lakini nani anahangaika, shemeji? Watu tunachoma na kumwachia Mungu."

"Nichapie zote. Za tovuti karatasi yake, zako karatasi yake. Kwetu hakiingii kitu wala hakitoki bila kusomwa."

"Ya Fundi hayo," alisema Megabaiti, akaacha kutafuna. "Halafu shemeji, ile sauti yake. Diski ni ndogo, haibebi mifumo miwili, na kwenye Linux hiyo nitakayokupa sijui kuirudisha. Lakini ni kafaili kamoja tu, nitamwekea Mama kwenye simu."

Mama Kopi akasema sawa. Alilipa nusu, akaahidi nusu. Njiani kurudi alijigundua anatembea kwa wepesi, na akajionea haya, maana alijua kisa. Kuna jambo alikuwa hajamwambia binadamu yeyote: alitamani ile sauti inyamaze. Alitamani hilo kwa kufa na kupona.

*

"Kwenye simu?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Utabonyeza utamsikia saa yoyote."

"Nitabonyeza mimi."

"Ndiyo."

"Basi huyo siye," alisema bibi kizee. "Mtu wa kumbonyeza ndiyo aseme, huyo ni redio. Pale mezani anasema mwenyewe, saa yake, bila kuitwa. Mimi kila asubuhi nakaa hapa sijui kama atasema au hatasema, na anasema."

"Mama, chuo wametupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

"Nimesikia."

"Tutakula nini?"

"Nimesikia, mwanangu. Zikija hizo karatasi, niletee. Tutasoma."

Lazima ujue kwamba bibi huyu hakuwa bibi wa kukaa barazani kuhesabu wapita njia. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya kusahihisha prufu, kurasa za majaribio, kwenye kiwanda cha uchapaji. Ndiye aliyemfundisha mwanawe, na mwanawe akamfundisha mkewe, ile desturi yao: hakuna mtu anayehakiki kazi peke yake, kwa sababu jicho moja huona linachotaka. Mmoja anasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Mwingine anafuata kwenye karatasi yake kwa rula na kusema "sawa." Na kila mmoja hupewa karatasi yake mapema akae nayo, aizoee, ndipo waketi.

Jumamosi waliketi. Mama Kopi alishika ya tovuti, mama mkwe akashika ya Megabaiti.

"CD ya kwanza. Tisa."

"Sawa."

"A."

"Sawa."

"Nne."

"Sawa."

Yule bibi alikuwa na namna ya kusema "sawa" inayoshuka mwishoni, na marehemu aliirithi nzimanzima. Mama Kopi alisoma macho yakiwa kwenye karatasi, na masikio yakimwambia kwamba aliyeketi mbele yake ni mumewe. Mara mbili aliinua uso kuhakikisha. CD ya kwanza ikalingana. Ya pili ikalingana. Wakaingia ya tatu, wakafika katikati.

"Tatu."

Rula ya mama mkwe ikasimama.

"Tatu, Mama."

"Kwangu ni nane."

Mama Kopi alizunguka meza akaangalia. Wino wa printa ya Megabaiti ulikuwa hafifu kama chai ya tatu kwa majani yale yale, lakini nane ilikuwa nane. Akakaa chini.

"Herufi moja tu," alisema kwa uchungu.

"Herufi moja ndiyo kosa," alisema mama mkwe, akavua miwani. "Siku moja herufi moja ilitufanya tuchome vitabu elfu mbili. Arudie huyo."

*

Megabaiti akarudia. Siku nzima ikaliwa, na ikabidi Mama Kopi alipe tena nusu ya malipo. Jumatatu waliketi, na CD ya tatu ikakosea mahali pengine: kwa mama mkwe ilikuwa "e", kwa Mama Kopi "c". Megabaiti akaapa kwamba mtandao umelogwa, akarudia mara ya tatu, na safari hii akasema wazi kwamba bando la bure hakuna, hata Fundi mwenyewe angefufuka angelipa.

Mama Kopi hakuwa na kitu. Alikaa jikoni akitazama kopo la akiba lililo tupu. Mama mkwe akaja, akamwekea noti zilizokunjwa juu ya goti.

"Za nini hizi, Mama?"

"Za dawa. Dawa zangu zingoje. Presha haijaniua mpaka leo."

"Hapana. Daktari alisema usiruke hata siku moja."

"Chukua, mwanangu. Usinifanye nisimame hapa nakubembeleza."

Mama Kopi akachukua. Alimbusu mkono bibi kizee, na bibi kizee akautoa mkono haraka kama umeungua.

Jumatano waliketi tena. Mashine ilikwisha zungumza mara saba tangu asubuhi, na kila ikizungumza Mama Kopi aliuma meno mpaka taya ikamuuma. CD ya tatu. Tarakimu ya pili kutoka mwisho: yeye moja, mama mkwe saba. Safari hii hakuzunguka meza. Alilaza kichwa juu ya karatasi, kisha akakiinua upesi sana kama mtu aliyekaa juu ya mwiba, akatoka nje akasimama uani.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa kwa Megabaiti, na karatasi zote tatu mkononi.

"Shemeji, kuna nini tena?"

"Herufi moja."

"Vipi herufi moja?"

"Ya kwanza ilikosea herufi moja. Ya pili, moja. Na hii ya jana, moja. Nataka nijue ni mtandao wako au ni mkosi wangu."

Megabaiti aliweka andazi chini. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. Alifuta vidole kwenye suruali, akazichukua karatasi, akazitazama moja baada ya nyingine. Yeye kwa kweli hakuwahi kuzisoma hata siku moja. Alikuwa anachapa na kukabidhi.

"Haiwezekani," alisema.

"Tumesoma, tumehakiki."

"Shemeji, nisikilize. Hii siyo barua, kwamba mtu kakosea herufi moja na zingine ziko salama. Faili likipungua hata chembe, alama inageuka yote. Yote! Inakuwa alama nyingine kabisa, hazifanani hata kwa ukoo. Herufi moja haikosei peke yake, haijawahi kutokea duniani."

Alichapa karatasi nyingine palepale, akaiweka juu ya ile ya jana, akaziinua zote mbili dirishani kwenye mwanga. Zililala mstari juu ya mstari. Mahali pa tarakimu ya pili kutoka mwisho, moja ilikuwa imeongezewa kofia, kwa wino mweusi zaidi kidogo, kwa mkono usiotetemeka.

"Faili ni zima," alisema Megabaiti. "Lilikuwa zima tangu Jumamosi. Nani kachora hapa?"

Mama Kopi alisikia masikio yanawaka moto.

"Mimi," alisema. "Kalamu iliniteleza."

"Mara tatu?"

"Choma CD, shemeji. Nichomee zote tatu."

Alirudi nyumbani na CD zake kwenye bahasha, na njia nzima alimtukana mama mkwe kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Siku tano zimepotea. Hela ya dawa imepotea. Kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu wa kwake, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimvisha nguo na kumpaka dawa miguuni.

*

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake kando ya meza. Mama Kopi aliziweka karatasi mbili mbele yake, moja juu ya nyingine.

"Mama, kumbe herufi moja haikosei peke yake."

Bibi kizee alizitazama. Hakuvaa hata miwani.

"Nilidhani inakosea kama maandishi," alisema.

"Umechora."

"Nimechora. Kwa kalamu ya ncha nyembamba. Usiku, ukiisha lala."

"Kesho saa sita, Mama! Kesho! Ulitaka tukae hapa tufe njaa tukisikiliza spika?" Alikuwa anapiga kelele, na hakujali kama kinyozi anasikia. "Na hela yako ya dawa ukaniwekea kwenye goti, nikakubusu mkono!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Mama mkwe aliuweka mkono wake juu ya kasha la kompyuta, pale palipokuwa na joto.

"Siku ile wewe ulikuwa sokoni," alisema. "Mimi nilikuwa kliniki, nimepanga foleni na kadi yangu mkononi. Mwanangu kafa humu ndani peke yake, hana hata wa kumwomba maji. Hii ndiyo iliyokuwa naye. Kama alisema neno, ni hii iliyolisikia. Sasa wewe unataka nikae hapa nikutazame unaifuta kichwa? Sikulaumu, mwanangu. Nenda kaseme na chuo chako. Lakini mimi siwezi."

Mashine ikajizima. Wote wawili wakaisikia ikitafuta pumzi, na ikarudi: "Haya jamani, kazi za watu hizo!"

"Sikuwa sokoni," alisema Mama Kopi.

Mama mkwe hakuelewa.

"Sikuwa sokoni, Mama. Niliwaambia hivyo watu, nikakwambia na wewe. Nilichukua kikapu baadaye nikakiweka mlangoni. Nilikuwa hapa. Kiti hiki."

Siri hiyo alikuwa ameibeba miezi minane, na sasa ilipotoka ilitoka yote. Walikuwa na kazi ya shule fulani, ilitakiwa saa tano. Fundi akasema kifua kinambana, ngoja alaze kichwa kidogo. Naye, kwa kuwa mteja alikuwa njiani, akamjibu kwa maneno yake mwenyewe, yale ya kwenye spika: kazi za watu hizo. Fundi akacheka. Akalaza kichwa mezani. Kiwiko chake kikaukalia ukurasa wa kuchapa.

"Nikauvuta ule ukurasa, Mama. Nikausukuma mkono wake. Nikaukasirikia. Nikaivuta kibodi upande wangu nikaanza kuchapa, na yeye yuko hapo, kichwa chake kiko hapo. Nilidhani ni uvivu. Nilichapa ukurasa mzima. Nilipomaliza nikamwambia amka usome tuhakiki, hakuamka."

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Ulipousukuma mkono," aliuliza bibi kizee hatimaye, "ulikuwa na joto?"

Hapo Mama Kopi alikuwa na njia mbili, na alizijua zote. Angesema baridi, mambo yangekwisha, maana maiti haiokolewi, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angembishia. Usiku mwingi alijaribu kujiambia ulikuwa wa baridi.

"Ulikuwa na joto, Mama."

"Basi hakuwa peke yake," alisema mama mkwe.

Akasimama, akapita nyuma ya pazia. Mama Kopi akasikia kasha la nguo likifunguliwa. Akajua: anafungasha, anakwenda kwa nduguye, na kesho ukoo mzima utajua kwamba alimwacha mume afe ili awahi saa tano. Akakaa pale na CD zake mapajani, na hakuwa na hata chozi, kwa hofu.

Kasha likafungwa. Mama mkwe akatoka amefunga kanga nyingine, uso umelowa maji, rula iko mkononi.

"Lete karatasi ambayo haijachorwa," alisema. "Soma."

Walisoma ya CD ya tatu, yote thelathini na mbili, mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemsimamisha mwenzake.

*

Nisikucheleweshe na ya Ijumaa. Saa sita kasoro dakika tano karani aliichomeka flashi, akaitazama kwa muda, akasema "safi," akatia sahihi, wala hakuomba radhi kwa lile benchi. Kazi ya chuo ikabaki kwa Mama Kopi, na iko kwake mpaka leo. Lakini mimi siwezi kuiacha Alhamisi ile.

Saa tisa alasiri Mama Kopi aliingiza CD ya kwanza. Maandishi yakapita kwenye kioo, na baada ya maswali madogomadogo likaja swali kubwa.

"Inasemaje?" aliuliza mama mkwe. Miwani ilikuwa kifuani.

"Inauliza kama tufute diski yote."

"Bonyeza."

"Mama, ukitaka—"

"Bonyeza. Ukiningoja mimi tutazeeka hapa."

Akabonyeza. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa, asilimia moja, asilimia mbili. CD ilikuwa inazunguka kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Mama Kopi alisubiri ahisi ule wepesi alioutamani, na haukuja. Chumba kilikuwa kimya tu.

"Ulikuwa unachapa nini?" aliuliza mama mkwe.

"Lini?"

"Akiwa hapo."

"Orodha ya vifaa vya shule, Mama."

"Unaikumbuka?"

Anaikumbuka! Usiku ngapi imempitia neno kwa neno, akiwa macho makavu. "Naikumbuka yote."

"Nisomee."

"Mama, tafadhali."

"Nisomee, mwanangu."

Mama Kopi alishika ukingo wa meza. "Madawati, arobaini na mawili. Viti vya walimu, tisa. Ubao, sita. Makabati ya chuma, mawili, moja bovu. Ndoo, kumi. Kengele, moja. Mipira—"

"Ngoja. Kwenye ndoo, alikuwa anapumua?"

"Sijui, Mama. Sikutazama."

"Hukusikia hata pumzi?"

"Nilikuwa nachapa."

Mashine ikatema CD ya kwanza, ikaomba ya pili. Mama Kopi akaiweka, akaisukuma ndani. Mama mkwe alikwisha vaa miwani yake. Alikuwa ameweka mbele yake karatasi tupu, nyeupe pe, na rula juu ya mstari wa kwanza usiokuwepo.

"Rudi mwanzo," alisema. "Soma polepole. Nataka nijue mwanangu alitutoka kwenye mstari gani."